Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyama na Waandaaji wa Midahalo ya Urais Marekani: Tuulizieni Kuhusu Bomu Kabla Hatujapiga Kura

Kwa:
Waheshimiwa Wenyeviti wa Kamati za Kitaifa za vyama vya Democratic na Republican,
Waheshimiwa Wakuu wa vituo vya televisheni vinavyoandaa midahalo ya wagombea urais wa Marekani.

YAH: UENEZAJI WA SILAHA ZA NYUKLIA KATIKA KAMPENI ZA URAIS KUELEKEA 2028

Waheshimiwa,

Salamu na heshima.

Mimi ni mpiga kura wa Lancaster, Pennsylvania, jimbo ambalo wagombea wenu hulizunguka kila msimu wa uchaguzi hadi tumeizoea misafara yao. Nilizaliwa Kongo, nikakulia kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, na kiapo cha uraia wa Marekani nilikula hapahapa Pennsylvania. Sikukimbilia kuandika hadharani. Nilianza kwa njia za kawaida. Kituo kimoja cha televisheni kilinirudishia jibu la mashine, kikinishukuru kwa maoni yangu kuhusu ratiba ya vipindi. Ofisi moja ya chama ilinijibu kwa kuniomba mchango wa dola 25. Kwenye mkutano mmoja wa kampeni, ambako maswali yalikusanywa kwa kadi, kijana wa kujitolea aliisoma kadi yangu, akanitazama, kisha akaniuliza kwa adabu zote kama sina swali la bei ya vyakula.

Nilikuwa nimeandika hivi: ukikabidhiwa Ikulu, utafanya kazi gani, kwa kumtuma nani na kwa fedha zipi, ili nchi zenye bomu la nyuklia zisiongezeke?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilichowaandikia kwa Kiingereza hakikusomwa, na kwa sababu hatuko wachache. Wapo Waswahili wenye kadi za kupigia kura Dallas, Dayton, Minneapolis na Portland. Mkikosa muda wa kunisoma, wao watanisoma, na Mungu akipenda watakuja na swali hilohilo kwenye mikutano yenu.

Leo nchi zenye silaha za nyuklia ni 9: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistan, Korea Kaskazini, na Israel ambayo haijawahi kukiri. Zina vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, na karibu 9 katika kila 10 ni vya Marekani na Urusi. Kila baada ya miaka 4 ninyi ndio mnaoamua mgombea aulizwe nini mbele ya taifa zima. Malalamiko yangu ni kwamba jambo hili mnalileta jukwaani kama mashindano ya ubabe, au hamlileti kabisa. Nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Tunampa mtu mmoja mamlaka yote, halafu hatumuulizi atayatumiaje.

Kwa utaratibu wa Marekani, amri ya kurusha silaha za nyuklia ni ya Rais peke yake. Haihitaji kura ya Bunge wala ridhaa ya Waziri wa Ulinzi. Ofisa wa jeshi humfuata kila aendako, amebeba mkoba wenye nyenzo za kutolea amri hiyo. Bajeti ya Rais hupita Bungeni, uteuzi wake hupita Seneti, amri zake za kiutawala husimamishwa na majaji. Hii haina wa kuisimamisha.

Mwaka 2016, kwenye mdahalo wa Septemba 26 huko Hempstead, New York, mwendesha mdahalo Lester Holt aliuliza kama Marekani ibaki na sera ya kuweza kuwa ya kwanza kutumia nyuklia. Swali la maana sana. Donald Trump alisema hangekuwa wa kwanza kushambulia, na palepale akasema hawezi kujifungia njia yoyote. Hillary Clinton aliwatuliza washirika wa Marekani kwamba mikataba ya ulinzi itaheshimiwa. Swali lenyewe halikujibiwa na yeyote, na muda mfupi baadaye mdahalo ukafungwa. Hapa mtaani kwetu, anayegombea kiti cha bodi ya shule hubanwa kuliko hivyo. Akikwepa swali la mabasi ya wanafunzi, linarudi kwake hadi atoe jibu.

2. Mnauliza nani atapiga, hamuulizi nani atazuia.

Tarehe 1 Oktoba 2024 wagombea wenza, Tim Walz na JD Vance, walikutana New York. Swali la kwanza kabisa la usiku ule liliihusu Iran. Waendesha mdahalo walisema muda ambao Iran ingehitaji kuunda silaha umeshuka hadi wiki moja au mbili, kisha wakauliza: je, mtaunga mkono Israel ikianza kuishambulia? Walz akazungumzia uongozi thabiti. Vance akasema ni juu ya Israel kuamua inavyojilinda.

Tazameni swali lilivyoruka hatua nzima. Chini ya makubaliano ya Iran na mataifa makubwa, yaliyofikiwa Vienna tarehe 14 Julai 2015, muda huohuo ulikadiriwa kuwa takriban mwaka mmoja. Umeshukaje hadi wiki? Nani alifanya nini, na lini? Utaurudisha vipi uwe mrefu tena? Hayo hayakuulizwa. Mwananchi aliyekuwa amekaa sebuleni kwake akaachiwa mambo mawili tu ya kuchagua: kupiga, au kukaa kimya.

Katikati ya hayo mawili kuna kazi kubwa, na Marekani hiihii imewahi kuifanya vizuri kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ukiwa unasambaratika, Seneta Sam Nunn wa Democratic na Seneta Richard Lugar wa Republican walipitisha mpango wa kulipia ulinzi na uteketezaji wa silaha zilizokuwa zimetapakaa huko. Ukraine, Belarus na Kazakhstan ziliamka zikiwa na silaha za nyuklia kwenye ardhi yao, na kufikia mwisho wa 1996 zote tatu hazikuwa nazo tena. Mwaka 1994, kutoka kiwanda kimoja cha Ust-Kamenogorsk nchini Kazakhstan, Wamarekani walipakia kwenye ndege takriban kilo 600 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, yaani iliyokolezwa hadi kufaa kutengenezea bomu, na kuipeleka Tennessee, ili asije mwingine akaifikia kwanza.

Kisha kuna hili ambalo kila nikimsimulia jirani hapa Lancaster haamini. Kuanzia 1993 hadi 2013, tani 500 za urani kutoka mabomu ya Urusi zilipunguzwa makali, zikauzwa Marekani na kuchomwa kwenye vinu vya umeme. Hizo ni sawa na vichwa vya nyuklia 20,000. Katika miaka hiyo 20, takriban asilimia 10 ya umeme wa Marekani ulitoka kwenye mabomu yaliyotengenezwa kuiteketeza Marekani. Sijapata kumsikia mgombea akijivunia jambo hilo jukwaani. Halina picha ya ndege ikipaa wala moshi, na ninyi hamjawahi kumpa nafasi ya kulisema.

3. Mwaka 2004 swali liliulizwa, jibu likatolewa, na hakuna aliyelifuatilia.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mnapolipatia, mnaliacha njiani.

Tarehe 30 Septemba 2004, Coral Gables, Florida. Mwendesha mdahalo Jim Lehrer, karibu na mwisho, anawauliza wagombea wote wawili: ni hatari gani moja iliyo kubwa kuliko zote kwa usalama wa Marekani? John Kerry hakusita. Alijibu kwamba ni uenezaji wa silaha za nyuklia, na akalitamka mara mbili mfululizo. Akataja tani zaidi ya 600 za malighafi isiyo na ulinzi wa kutosha katika Urusi na nchi nyingine zilizokuwa za Kisovieti, akasema kwa mwendo uliokuwepo kazi ya kuilinda ingechukua miaka 13, na kwamba yeye angeimaliza kwa miaka 4. George W. Bush, aliyekuwa madarakani, akasema anakubaliana na mpinzani wake: hatari kubwa ni silaha za maangamizi kuangukia mikononi mwa mtandao wa magaidi. Akatetea bajeti aliyokuwa ameiongeza, na akaeleza jinsi mtandao wa Abdul Qadeer Khan ulivyovunjwa.

Waheshimiwa, wagombea wawili wa vyama viwili, mbele ya mamilioni ya watu, walikubaliana kuhusu hatari iliyo kubwa kuliko zote. Katika siasa za Marekani hilo ni la kuwekewa alama kwenye kalenda. Basi ilitakiwa liwe mhimili wa mwezi mzima uliobaki. Ilitakiwa mtu aulize: huyo Khan, mwanasayansi wa Pakistan aliyeziuzia Libya, Iran na Korea Kaskazini ujuzi na mashine za kurutubisha urani, amefikishwa wapi? Alikiri kwenye televisheni ya nchi yake tarehe 4 Februari 2004, na siku iliyofuata Rais Musharraf akamsamehe. Je, mshirika wa Marekani akifanya hivyo, Marekani inamwambia nini? Je, Korea Kaskazini, iliyokuwa imejitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka mmoja kabla, ina muda gani kabla ya kujaribu bomu?

Jibu la swali hilo la mwisho tulilipata tarehe 9 Oktoba 2006. Lilitoka chini ya ardhi, kama mtetemeko. Kampeni ya 2004 ilikuwa imeshageukia rekodi za vita vya Vietnam za miaka zaidi ya 30 nyuma.

4. Ahadi za jukwaani hugeuka sera bila kupimwa.

Mwaka 1960 John F. Kennedy alizunguka akisema Marekani imeachwa nyuma na Wasovieti kwa makombora. Pengo hilo halikuwepo. Lakini Oktoba 13 mwaka huohuo, kwenye mdahalo wake wa tatu na Nixon, alisema pia neno zito: kwamba kufikia mwisho wa 1964 huenda nchi 10, 15 au 20 zikawa na uwezo wa nyuklia. Hazikufika huko mwaka ule, na hadi leo zenye bomu ni 9; sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1968 mkataba wa kuzuia uenezaji ulifunguliwa kwa saini. La pengo lilimpa kura. La pili, lililostahili mjadala, lilipita kama upepo.

Tuje karibu. Mwaka 2016 Trump aliahidi kuyavunja makubaliano na Iran, na tarehe 8 Mei 2018 akajitoa. Mwaka 2020 Joe Biden aliahidi kuyarudia, akazungumza tangu Aprili 2021 na asifanikiwe. Sisemi nani alikuwa sahihi. Majirani zangu wanagawanyika katikati kwenye hilo na mimi ninakula nao wote. Nasema hivi: kati ya ahadi hizo mbili hakuna iliyowekwa mezani na kuulizwa hatua kwa hatua. Makubaliano yaliifunga Iran kwenye asilimia 3.67 ya urutubishaji na akiba ya kilo 300. Tangu Aprili 2021 ikawa inarutubisha hadi asilimia 60. Kabla ya vita vya Israel na Iran vya Juni 2025 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikadiria kuwa ina zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Tarehe 22 Juni ndege za Marekani zikadondosha mabomu Fordow na Natanz, na makombora yakapiga Isfahan. Mwanzoni mwa Julai wakaguzi wa shirika hilo wakaondoka Iran. Hapo ndipo mtu angependa kumsikia kila anayetaka urais akieleza: macho ya kuzihesabu kilo hizo utayarudisha kwa njia gani?

5. Hofu bila maelezo imewahi kutuuzia vita.

Oktoba 2002, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa Bunge, Rais Bush aliwaambia wananchi akiwa Cincinnati kwamba hawawezi kungojea ushahidi wa mwisho uje kwa sura ya wingu la uyoga, yaani mlipuko wa nyuklia. Januari 28, 2003 akasema Saddam Hussein wa Iraq alitafuta urani Afrika. Nyaraka zilizodai kuwa urani hiyo ilikuwa ya kutoka Niger zilikuwa za kughushi, na Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama hivyo tarehe 7 Machi 2003. Chini ya wiki mbili baadaye vita vikaanza.

Anayeelewa kwamba urani ghafi si bomu, kwamba kati ya mgodi na kichwa cha nyuklia kuna viwanda vikubwa, miaka na umeme mwingi, hatishiki kirahisi na neno "Afrika" likitajwa kwa sauti nzito. Mjadala mzuri wa kampeni ndio darasa pekee ambalo mamilioni ya watu huhudhuria bila kulipa ada. Nalisema hili nikiwa Mwafrika ambaye bara lake lilitumiwa kama kitisho kwenye hotuba ile, na halikuwa na wa kulisemea.

6. Afrika tuna la kuuliza, nalo si dogo.

Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi niliyozaliwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Zilikaa kwenye mapipa ya chuma ndani ya ghala kisiwani Staten Island hadi Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols alipokuja kuzinunua. Wachimbaji hawakuambiwa wanachimba nini. Baada ya vita, Marekani ikasaidia kujenga kinu cha utafiti cha Kinshasa, kilichowashwa 1959 na kuwa cha kwanza barani. Miaka ya 1970 fito mbili za fueli yake zilipotea. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu wa mafia. Ya pili haijarudi.

Mwaka huohuo wa 1998, tarehe 7 Agosti, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 wakafa, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kwenye shughuli zao. Yalikuwa mabomu ya kawaida. Lakini kesi ilipounguruma New York mwaka 2001, mmoja wa waliokuwa ndani ya al-Qaeda alieleza mahakamani jinsi alivyotumwa kufuatilia ununuzi wa urani Khartoum kwa dola milioni 1.5. Haikuthibitika kwamba ilikuwa mali ya kweli. Nia ndiyo iliyothibitika, na ndiyo inayofanya ule mpango wa Nunn na Lugar, wa kulinda kilo moja moja, uwe suala la mtu wa Kariakoo sawasawa na mtu wa Manhattan.

Bara hili limetoa pia mfano ambao hamjauweka mbele ya mgombea hata mmoja. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu 6, ikayavunja yote, ikajiunga na mkataba wa kuzuia uenezaji mwaka 1991, na Rais F. W. de Klerk akatangaza hadharani tarehe 24 Machi 1993. Miaka 3 baadaye nchi za Afrika zilitia saini Cairo Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika yote eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ukaanza kutumika Julai 15, 2009. Una itifaki ambamo mataifa makubwa yanaahidi kutozitumia silaha hizo dhidi yetu. Uingereza, Ufaransa, China na Urusi zimeridhia. Marekani ilitia saini 1996, ikazipeleka itifaki hizo Seneti Mei 2011, na huko ndiko zilikolala. Bill Clinton, Barack Obama, Donald Trump, Joe Biden: wote wamepita midahaloni na hakuna aliyeulizwa.

Wakati huohuo wenye kutaka kuingia kwenye orodha ya wale 9 wanaongezeka, na safari hii ni marafiki. Mwanamfalme Mohammed bin Salman wa Saudi Arabia alisema Machi 2018 kwamba Iran ikiwa na bomu, nao watalitafuta haraka iwezekanavyo. Korea Kusini kura za maoni zimekuwa zikionyesha kwamba wengi wanataka la kwao. Mwaka 2016 mgombea mmoja alisema wazi kwamba pengine Japan na Korea Kusini kuwa na mabomu yao si jambo baya, gumzo likawa siku chache, kisha likaisha. Rafiki akilitaka bomu, Rais wa Marekani anamwambiaje? Kwangu mimi hilo ni gumu kuliko la Iran.

Waheshimiwa, nayajua majibu yenu.

Mtasema wapiga kura hawajali, wanajali mayai na petroli. Takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita Mlango wa Hormuz, pembeni ya Iran. Kila mara mgogoro wa urani unapochacha kule, bei hutikisika kwenye kituo cha mafuta cha hapa Lancaster, na hutikisika Mombasa na Bujumbura pia. Wapiga kura hawajatenganisha mambo hayo mawili. Ninyi ndio mmeyatenganisha.

Mtasema ni mambo ya kitaalamu mno. Mwaka 1976 yalikuwa ya kitaalamu vilevile. India ilikuwa imelipua kifaa chake tarehe 18 Mei 1974, kwa plutoni, malighafi nyingine ya bomu, iliyotokana na kinu cha utafiti kilichotolewa na Kanada. Jimmy Carter akaifanya hoja ya kampeni: Marekani iache kusambaza teknolojia ya kuchakata fueli iliyotumika ili kupata plutoni. Aliipeleka hata kwenye mdahalo wa San Francisco wa Oktoba 6. Tarehe 28 Oktoba, siku 5 kabla ya kura, Rais Gerald Ford alitoa tamko la sera lililosogea upande huohuo. Carter akashinda, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzuia uenezaji. Mpiga kura wa 1976 hakuwa profesa wa fizikia. (Najua, mdahalo ule wa San Francisco unakumbukwa kwa ulimi wa Ford kuteleza kuhusu Ulaya Mashariki. Ndivyo vyombo vya habari vilivyochagua kuukumbuka.)

Mtasema ni siri za usalama. Hakuna anayeomba namba za kurushia makombora. Bajeti ya ukaguzi, mikataba, nani anashauriwa kabla ya amri, yote hayo hujadiliwa hadharani kwenye kamati za Bunge.

Na kuna sababu ambayo hamtaitaja: mgombea anaogopa kuchekwa. Tarehe 28 Oktoba 1980, Cleveland, Carter alisema alimuuliza binti yake Amy, wa miaka 13, jambo gani ni kubwa kuliko yote, naye akamjibu ni silaha za nyuklia na udhibiti wake. Wachekeshaji walimla Carter mzimamzima, na wiki moja baadaye akashindwa na Reagan. Tangu hapo washauri wa kampeni wamejifunza. Lakini mtoto yule alikuwa sahihi, na anayecheka hana budi kutuambia yeye angejibu nini.

Hivyo basi, naomba yafuatayo:

(a) Katika midahalo ya 2028, angalau mmoja utenge dakika zisizopungua 15 kwa suala hili peke yake, mapema, watu wakiwa bado macho, na mwendesha mdahalo alirudie swali lililokwepwa.

(b) Maswali hayo yaandikwe kwa msaada wa watu waliowahi kufanya kazi ya ukaguzi na kuhamisha malighafi za nyuklia. Majenerali wastaafu na wachambuzi wa siasa tumewasikia vya kutosha.

(c) Kila chama, kabla ya mkutano wake mkuu, kichapishe majibu ya maandishi kwa maswali 5: Je, Rais aendelee kuwa na amri ya peke yake ya kuanza kutumia nyuklia? Wakaguzi watafanyaje kazi Iran? Mkataba wa mwisho wa kuweka ukomo wa vichwa vya Marekani na Urusi, ambao muda wake uliwekwa kuishia Februari 5, 2026, utafuatiwa na nini? Mshirika akitaka bomu lake, jibu ni lipi? Na itifaki za Pelindaba, mtaziombea kura Seneti au mtaziacha zilale?

(d) Wagombea wa kura za mchujo wapewe maswali hayohayo, kwa sababu mwezi Novemba tunabakiwa na wawili tu.

Natuma pia nakala ya Kiingereza kwa kila mmoja wenu kwa njia ya posta, kwa kusaini. Naomba majibu kabla kura za mchujo hazijaanza. Nitakayopokea nitayachapisha yalivyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, bila kuongeza neno. Asiyejibu, nitaandika jina la ofisi yake na mbele yake nitaweka: hajajibu.

Wenu katika utumishi wa uraia,

Mpiga kura,
Lancaster, Pennsylvania.

Nakala:
– Maseneta wa Pennsylvania, na Kamati ya Mahusiano ya Nje ya Seneti.
– Jumuiya za Waswahili popote zilipo Marekani, kwa kusomwa mikutanoni.